Bwawa langu la perege: natunza ukijani, si weupe

Mgeni akichungulia bwawa langu nyuma ya nyumba hapa Goba, swali la kwanza ni nabadilisha maji lini. Yana ukijani. Huo ukijani ndio ninaoutunza. Ni mwani mdogo mno, mchana hutoa oksijeni na hufyonza amonia inayotokana na kinyesi cha samaki. Bwawa lisilo na mashine ya kuchuja linautegemea.

Ila mwani ukizidi nao ni balaa. Nimechukua sahani nyeupe ya plastiki, nikaitoboa katikati, nikafunga kijiwe chini na kamba yenye alama juu. Naishusha majini mpaka isionekane. Ikipotelea kwenye sentimita 30 hivi, sina neno. Ikipotea kabla ya 20, natoa kama robo ya maji kwa bomba la chini, kule uchafu unakotuama, kisha naongeza mapya taratibu. Bwawa zima silimwagi. Samaki wakihamishwa ghafla kutoka maji waliyoyazoea wanapata mshtuko.

Saa mbaya ni alfajiri. Usiku hakuna jua, mwani nao unavuta oksijeni ileile wanayoihitaji samaki, kwa hiyo inafika chini kabisa kabla ya kupambazuka. Saa 11 natoka na tochi. Perege wakiwa wamejipanga juu, midomo ikifunguka na kufumba, nawasha pampu ya hewa. Umeme ukikatika ni ndoo: chota, mwaga kutoka juu, chota tena, mpaka mkono uchoke. Kambale hawatakuonyesha dalili hii mapema, maana wana kiungo cha kuvutia hewa ya nje, na ndiyo sababu siwachanganyi na perege wangu. Siku ikiwa na mawingu mazito, jioni ile siwapi chakula.

Tena chakula ndicho kinachoharibu maji kuliko kitu kingine chochote. Watu wanatafuta dawa dukani huku kila asubuhi wanamwaga kopo zima la pumba. Mimi namwaga konzi moja, nasubiri, waking'ang'ania naongeza. Wakianza kukizunguka tu nafunga mfuko. Kinachozama kinaoza, na kinachooza kinatoa amonia.

Amonia yenyewe ina ujanja wake. Sehemu yenye sumu kali inategemea pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji, na joto. Kwa joto letu la nyuzi 28, pH ikiwa 7 sehemu hiyo haifiki asilimia 1. pH ikipanda hadi 9, inakaribia asilimia 40. Na pH ya maji ya kijani hupanda mchana, kwa sababu mwani unatumia kabonidayoksaidi. Kwa hiyo napima saa 9 alasiri, maana kipimo cha asubuhi kinakupa moyo bure. Natumia vile vipimo vya matone vya amonia: maji yakibaki ya manjano kwenye kichupa, salama, yakielekea kijani, nasimamisha chakula siku hiyo na kubadilisha sehemu ya maji.

Bwawa la zege jipya lina pH ya juu kwa ajili ya saruji. Langu nililijaza na kulimwaga mara kadhaa, nikisugua kuta kwa brashi bila sabuni, mpaka kipimo kikatulia chini ya 8.5 ndipo nikaleta vifaranga.

Maji ya bomba yana klorini, nayo inachoma mashavu ya samaki. Nayaacha kwenye tenki lililo wazi, pampu ya hewa ikichemka ndani yake, siku moja au mbili. Ya kisima hayana klorini lakini mara nyingi yanatoka na oksijeni kidogo, basi nimefunga kichwa cha bafu mwisho wa mpira ili yaanguke kama mvua.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni dawa ya wadudu. Dawa nyingi za mende na mbu zina viambato vya jamii ya pairethroidi, ambavyo kwa samaki ni sumu kali hata kwa kiasi kidogo. Jirani akileta wapuliziaji, namwomba anijulishe mapema: natandika turubai juu ya bwawa na kuzima pampu ya hewa, isije ikavuta ule mvuke ikausukuma majini, kisha nawasha tena upepo ukishausafisha uwanja. Kwa mbu wa bwawani sihitaji dawa, perege wenyewe wanakula viluwiluwi vya mbu.