Nilivyoomba kuwa afisa wa majini nikiwa na digrii ya Nairobi

Digrii yangu ya biashara niliisomea Nairobi, na kwa miaka kadhaa ndani ya Jeshi la Majini la Marekani ilikaa bure. Niliingia kama baharia wa kawaida kwa sababu nilichokuwa nacho ni grinikadi tu, yaani kibali cha ukazi wa kudumu Marekani. Mwenye grinikadi huandikishwa kuwa askari, lakini kamisheni ya uafisa hupewa raia peke yake. Basi nikala kiapo, nikafanyiwa mafunzo Great Lakes, Illinois, kisha nikapangiwa stoo ya meli huko Norfolk, Virginia: vipuri, vifaa vya usafi, mifuko ya barua, na hesabu isiyoisha. Uraia niliupata nikiwa kazini, kwa utaratibu wa wanajeshi ambao hauwalazimu kungoja miaka kama raia wengine. Na kwa kuwa Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, sikupoteza cha kwetu.

Wakati huo nilikuwa nimefika E-5, cheo cha tano kutoka chini kwa wasio maafisa. Mkuu wangu wa stoo ndiye aliyenisukuma niombe uafisa. Hakuelewa mtu mwenye digrii anangoja nini.

Njia nilizoziangalia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni STA-21, ambapo baharia asiye na digrii hupelekwa chuo kikuu hadi miezi 36 huku mshahara wake ukiendelea, na jeshi likimlipia hadi dola 10,000 kwa mwaka za karo na vitabu. Ya pili ni OCS, shule ya maafisa iliyoko Newport, Rhode Island, kwa aliye na digrii tayari. Mimi nilikuwa wa njia ya pili, mradi tu niwaonyeshe kwamba digrii yenyewe ni ya kweli.

Mtihani wa OAR, ambao waombaji uafisa hupimwa nao, sitauzungumzia sana. Ni hesabu, ufahamu wa kusoma, na maswali ya mitambo kama kapi na gia. Alama huanzia 20 hadi 80, na maishani unaruhusiwa kuufanya mara tatu tu, kwa hiyo usiende kuujaribu kama bahati nasibu. Aliyefanya fizikia ya sekondari kwetu ataukuta si mgeni. Usaili wa maafisa na pendekezo la kamanda wa meli navyo vilienda vizuri, maana kazi yangu walikuwa wanaiona kila siku.

Kilichonileta Nairobi likizo nzima ni transkripti, hati ya alama zangu za chuo. Alama 64 machoni pa Mmarekani ni ya mtu aliyeponea chupuchupu. Kwetu 64 ni B, na ukizipata za namna hiyo hadi mwisho unatoka na sekondi apa, yaani daraja la pili la juu, na nyumbani wanachinja. Kuanzia 70 ni A. Ndiyo maana hati za nje hupitishwa kwa shirika la tathmini, nami nilitumia World Education Services. Wao hawapokei karatasi kutoka mkononi mwako. Lazima chuo chenyewe kiwatumie, na ikiwa ni bahasha, iwe imefungwa na kugongwa muhuri.

Chuo changu sikitaji. Dirishani niliambiwa faili halionekani, nirudi Alhamisi. Alhamisi faili likaonekana, likiwa na deni la vitabu vya maktaba nilivyorudisha kabla sijahitimu. Hapo ndipo mama aliponishangaza. Chini ya kitanda, nyumbani kwetu mtaa wa Umoja, ana bahasha za kaki za kila mtoto, na ndani ya yangu zilikuwemo risiti za maktaba, risiti za karo, hata kadi ya kliniki ya utotoni. Karani alizitazama risiti zile, akanitazama mimi, akagonga muhuri.

Jina nalo lilikuwa na kesi yake. Cheti cha KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, na cha digrii vina majina matatu, la ubatizo likitangulia. Pasipoti ya Marekani ina mawili, tena kwa mpangilio mwingine. Wakili mmoja wa katikati ya jiji aliniandalia hati ya kiapo kwamba hawa wote ni mtu mmoja. Nakala zake niliziambatanisha kila mahali, hata pale ambapo hazikuitishwa.

Fomu ya usalama, SF-86, ilinikalisha mezani na wazazi jioni kadhaa. Inataka kila ndugu wa karibu: majina kamili, tarehe na mahali pa kuzaliwa, anwani anakoishi. Anwani ya nyumba na mtaa! Dada yangu anakaa Kayole, geti la kijani, ukipita duka la dawa. Baba kitambulisho chake kina mwaka, lakini siku yenyewe aliyozaliwa hakuna aliyeiandika. Bahati nzuri fomu ina kisanduku cha kuonyesha kwamba tarehe ni ya kukadiria. Nilikiweka alama, nikaeleza kwa sentensi moja, na mpelelezi hakuwahi kuniuliza zaidi. Nawashauri wenzangu wasifiche jamaa yeyote wala safari yoyote. Kuwa na ndugu Kenya si tatizo, bali kumwacha nje ya fomu ndiko kunakotia shaka.

Maelezo ya kwa nini nataka uafisa niliyaandikia saiba ya mtaani, kisha nikampelekea mjomba. Yeye ni sajini mstaafu wa Jeshi la Kenya na haoni haya kumwambia mtu ukweli. Alisoma, akavua miwani.

"Mpwa wangu, hapa umeandika tulifanya, tulipanga, tulihesabu. Anayeomba ni wangapi?"

"Mjomba, nikijisifu nitaonekana nina majivuno."

"Andika ulichofanya na kiliokoa nini. Hiyo ni ripoti, si majivuno."

Nikaandika upya. Nikaweka hesabu ya stoo niliyoisimamia mimi, vipuri vilivyokuwa vimepotea kwenye vitabu nikavipata, na mabaharia wadogo niliowafundisha. Tawi nililoomba ni la ugavi, kwa kuwa ndilo linaloshika digrii yangu na kazi yangu kwa pamoja.

Jina langu lilitoka nikiwa nimesharudi melini. Nitaanza na wiki 13 za OCS, halafu shule ya maafisa wa ugavi, ambayo nayo iko Newport, kwa hiyo sihami mji. Baba alitaka kujua kama nitaanza chini kimshahara. Nilimwambia hapana: aliyetumikia zaidi ya miaka minne kabla ya kamisheni hulipwa kwa ngazi ya O-1E, iliyo juu ya afisa mpya wa kawaida.

Sasa binamu yangu aliyejiunga majuzi ananipigia karibu kila wiki. Digrii hana, kwa hiyo yake ni STA-21, na kwa matawi mengi ni lazima uweze kumaliza masomo kabla ya kutimiza miaka 31. Ana 24, umri unamruhusu. Uraia ndio bado, na nimemwambia aulize ofisi ya sheria ya kambi yake wiki hii, kabla hajaanza kuchagua chuo.