Saa iliniambia oksijeni yangu ni 84, nikaivalisha taulo

Jamani nimechoka kuona watu wanashauriana kuhusu hizi saa za kupima oksijeni utadhani wote madaktari, acha na mimi niseme yangu.

Saa yangu ya kwanza ilikuwa ya bei chee, kwenye boksi SpO2, yaani asilimia ya oksijeni kwenye damu, imeandikwa kubwa kuliko jina la saa yenyewe. Wiki nzima 98, 97, raha mustarehe. Usiku mmoja naamka kwenda msalani, nacheki, 84. Nikakaa kitandani mkono kifuani nasikiliza pumzi zangu mwenyewe, wala sihemi vibaya, ila ukishaambiwa 84 kila pumzi unaiona ya mwisho. Napima tena, 99. Tena, 91. Yani dakika tano nimeshakuwa watu watatu.

Nikauliza watu. Mmoja akasema kaza mkanda mwanga wa nje usiingie. Nimekaza mpaka vidole vikafa ganzi na alama ikabaki mkononi kama muhuri, ikasoma 88, na hapo naona saa ilikuwa na haki, damu ingepita wapi? Mwingine kunywa maji mengi. Hiyo utaishia msalani tu.

Ndo ikanijia akili ya taulo. Nikalikunja dogo likawa nene kama mkono wa mtu, nikalifunga saa vizuri kabisa, nikabonyeza. Taa nyekundu ikawaka chini kule, kijiduara kinazunguka, mimi nimekodoa macho kama nasubiri matokeo ya mtihani… 97. Taulo! Nikarudia, 96. Mke wangu akaniuliza unacheka nini peke yako, nikamwonyesha, akasema basi wewe nenda ukaanikwe hilo libaki limelala hapa.

Ile saa nikampa mtoto achezee. Nikachukua nyingine ya maana kidogo pamoja na ile klipu ya kidoleni, ambayo wala haikunitoboa mfuko. Klipu inapitisha mwanga mwekundu na wa infraredi kutoka upande huu wa kidole hadi ule, saa inategemea mwanga unaorudi kutoka kwenye ngozi, na kifundo cha mkono ni mifupa na kano tupu. Ukitikisika, ukiwa na baridi, ukiwa na tatuu chini ya sensa, namba inaruka. Ile 84 labda niliulalia mkono, au saa ilitunga tu kama ilivyomtungia taulo.

Sasa hivi naivaa juu kidogo ya kile kifupa, imebana ila haiumizi, mkono juu ya meza, nimetulia, napima mara tatu. Ikitoa namba ya ajabu klipu inaingia kidoleni, na kama unapaka rangi ya kucha itoe. Kwangu zinapishana 1 au 2. Kawaida ni 95 hadi 100, kama haupo juu milimani huko. Ila wenzangu wa ngozi nyeusi, hata klipu inaweza kutupa namba ya juu kuliko ukweli, utafiti wa Marekani wa 2020 ulikuta wagonjwa weusi oksijeni yao iliyoshuka inapita bila kuonekana karibu mara 3 kuliko weupe. Kwa hiyo unahema kwa shida na saa inasema 97, achana na saa nenda hospitali.

Halafu kuna shemeji yangu, kaletewa Apple Watch toka Marekani, siku nzima anaiweka upya anatafuta oksijeni haioni, akaja kwangu mimi fundi wa taulo. Kumbe ni kesi, Apple na Masimo, kampuni ya vifaa vya hospitali, waligombea hataza, yaani haki ya uvumbuzi, na saa ambazo Apple iliuza Marekani kuanzia 18 Januari 2024 zikatolewa hicho kipimo, za nchi nyingine zikaendelea nacho. Utaijua kwa namba yake, inaishia na LW/A. Agosti 2025 wakakirudisha kwa kuzunguka: saa inapima, iPhone ndo inapiga hesabu na majibu unayaona kwenye simu, kwa Series 9, Series 10 na Ultra 2. Shemeji akasasisha vyote viwili, kikatokea, na bado ananuna eti saa ipo mkononi lakini lazima atoe simu mfukoni.

Nimemwomba tuijaribu kwenye taulo, kakataa.