Krediti 14 zilizopotea: nilivyopenya katika vyuo vya Minnesota

Nilipofika Minneapolis mwaka 2016 kwa bahati nasibu ya grinkadi, "koleji" kwangu ilikuwa pale wanapokwenda waliokosa alama za chuo kikuu. Malindi tulikua tukijua hivyo. Kumbe Mmarekani akisema mwanawe yuko koleji huenda anazungumzia Macalester ya St. Paul, alikosoma Kofi Annan akamaliza 1961, na kuingia pale si mchezo. Shule nyingine inajiita chuo kikuu kwa herufi kubwa, ukienda unakuta vyumba vinne vya kupanga juu ya duka. Mimi niliyajua haya baada ya kulipa.

Nilikuwa nikifanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, Brooklyn Park, mji wenye Wakenya na Waliberia tele. Kila niliyemuuliza nisomee nini alinijibu uuguzi, kana kwamba jimbo zima halina kozi nyingine. Mimi damu naiogopa mpaka leo; nilitaka uhasibu. Basi nikaona tangazo la shule moja ya binafsi: masomo ya jioni, anza Jumatatu. Walinipokea kwa kahawa. Fomu ya FAFSA ya kuomba msaada wa serikali wakakaa nami kuijaza, mkopo ukatoka, na sikuuliza swali hata moja. Nilijiona nimependelewa.

Baada ya miezi minane nilikuwa na krediti 14, yaani vipimo vya masomo vinavyohesabiwa kuelekea digrii, na deni lililoanza kuninyima usingizi wa mchana, ambao ndio pekee niliokuwa nao. Nikaenda North Hennepin, chuo cha jamii cha serikali, hapo hapo mjini. Mshauri wa wanafunzi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, alifungua bahasha yangu ya matokeo. Akaweka ncha ya kalamu kwenye somo la kwanza, akaiteremsha taratibu mpaka la mwisho. Haikusimama popote.

"Hakuna hata moja?"

"Hakuna."

Nadhani aliona nilivyobadilika uso, maana aliigeuza karatasi akaanza kunichorea jimbo lake upande wa nyuma. Kisanduku cha kwanza: Chuo Kikuu cha Minnesota, chenye kampasi tano, ile kubwa ya Minneapolis na St. Paul, kisha Duluth, Morris, Crookston na Rochester. Cha pili, Minnesota State, ambacho si chuo kimoja bali ukoo mzima: vyuo vya jamii na vya ufundi 26 na vyuo vikuu 7, vilivyowekwa chini ya bodi moja mwaka 1995. Cha tatu, vyuo vya binafsi visivyotafuta faida: Hamline, cha tangu 1854, Macalester, na vile viwili vya Northfield, Carleton na St. Olaf, katika mji mdogo unaojisifu hadharani kwa ng'ombe na vyuo. Pembeni akaongeza vyuo vya makabila ya Wahindi Wekundu, kama cha Leech Lake na cha White Earth. Shule yangu aliiandika nje ya visanduku vyote.

Cha kuudhi ni kwamba shule ile ilikuwa na ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kwamba masomo yake yana ubora. Cheti chake kilining'inia mapokezi, chini ya kioo. Lakini haikuwa ithibati ambayo vyuo hivi vingine vinaijali. Swali nililopaswa kuuliza ni hili: nikihama kesho, nani atazipokea krediti zangu? Na ningewapigia simu hao wapokeaji, si muuzaji.

Ndani ya kisanduku cha pili mambo hutiririka. Kuna mtaala wa pamoja wa krediti 40; ukiumaliza kwenye chuo kimoja cha serikali, vyuo vingine vya serikali jimboni vinaukubali mzima. Ukifika 60 una shahada ya miaka miwili, na digrii kamili ya miaka minne kwa kawaida inataka 120. Maana yake nusu ya digrii nilisomea kwa bei ya chuo cha jamii, huku ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kuu usiorudishwa kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, ikibeba sehemu kubwa.

Mjomba alipiga simu kutoka nyumbani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nasikia umeingia chuo cha jamii. Mwanangu, umevuka bahari kwenda kusomea politekniki?"

Nilimweleza nikachoka. Mwisho nikamwambia ni chuo kikuu, mwanzo wake tu. Si uongo sana.

Mwaka 2019 nikahamia Metropolitan State, St. Paul, chuo kilichoanzishwa 1971 kwa ajili ya watu wazima wenye kazi zao. Hapo hakuna aliyenishangaa kuingia darasani na sare ya kazini. Krediti zangu zote 60 zilivuka.

Ambao wana watoto hapa, wameniacha mbali. Binti wa mwenzangu kazini alianza kuchukua masomo ya chuo bure akiwa bado sekondari, mpango ambao jimbo linao tangu 1985, kisha chuo cha binafsi nilichokuwa naogopa hata kusoma bei yake kikamlipia karibu kila kitu. Na tangu 2024, familia yenye kipato cha chini ya dola 80,000 kwa mwaka inaweza kusomesha mtoto kwenye vyuo vya serikali bila karo. Mimi nilikuwa nimeshamaliza.

Digrii niliipata 2022. Deni la zile krediti 14 bado nalilipa, kila tarehe 15.