Sahani za Jettel, kipande cha Owuor

Jumapili, saa nne na nusu usiku. Nakuru.

Watoto wamelala, vyombo vimeoshwa, na mimi bado namsikia baba mkwe akiuliza, "Kipande chake kiko wapi?" Naandika kabla hayajapoa.

Jana jioni umeme ulikuwepo, tushukuru, nikaunganisha kompyuta na televisheni ya sebuleni nikawawekea wakwe zangu Nirgendwo in Afrika. Ni filamu ya Kijerumani ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Caroline Link. Mwaka 2003 ilichukua Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, lakini hilo nililinyamazia. Baba mkwe akisikia kitu kimepewa tuzo, huanza kukitafutia kasoro kabla hakijaanza. Nilimwambia tu kwamba ni habari ya Wayahudi waliomkimbia Hitler wakaja kuishi Rongai.

"Rongai gani?"

"Hii yetu, baba. Hii ya hapa mbele."

Akavua kofia. Maana ukitaja Rongai siku hizi, watu wanafikiria ile ya Nairobi, ya matatu zenye muziki wa kupasua masikio. Hii yetu, ya njia ya magharibi kutoka Nakuru, ya mahindi na vumbi, nani anaikumbuka? Mzee aliona ni heshima tayari, hata kabla picha haijaanza.

Kisa chenyewe kinatoka kwenye riwaya ya Stefanie Zweig, aliyeletwa Kenya mwaka 1938 akiwa mtoto mdogo. Alichoandika ni maisha ya kwao, majina akiyabadilisha hapa na pale. Walter Redlich ni wakili aliyezuiwa kufanya kazi yake kwa sababu ni Myahudi. Anatangulia Kenya, anapata kazi ya kusimamia shamba la mzungu, kisha mkewe Jettel na binti yao Regina wanamfuata. Mpishi wao anaitwa Owuor.

Hapo ndipo sebule ilipolipuka kwa mara ya kwanza. Binti yangu anaitwa Awuor. Alizaliwa saa nane usiku, na Wajaluo wakipata mtoto usiku wa manane jina halitafutwi mbali. Kusikia mzungu kitandani, anatetemeka kwa malaria, anaita "Owuor", mtoto aliruka kwenye kochi kana kwamba ameitwa yeye.

Shida yangu ilikuwa kazi ya ukalimani. Filamu inasema Kijerumani, na maandishi ya chini ni ya Kiingereza, madogo kama chungu. Baba mkwe hakuwa na miwani, mama mkwe hataki kusoma akiwa amekaa kwake. Basi mimi nikawa nasoma na kutafsiri kwa sauti, chai inapoa mkononi. Lakini ilipofika zamu ya Owuor kusema, kazi yangu iliisha. Kiswahili kinasikika chenyewe. Tulicheka kabla ya maandishi kutokea. Sijui kama watu wa München au Chicago walioitazama walipata raha hiyo: wao walimsoma Owuor, sisi tulimsikia.

Na Kiswahili cha Jettel! Mimi ni mtu wa Mombasa, nilikaza meno. Ni kile kisetla, Kiswahili cha masetla wa kizungu, kisicho na ngeli, cha kuamrisha tu, lete, toa, haraka. Mama mkwe akaniambia, "Nyar Mombasa, usikunje uso. Hata wewe ulipokuja hapa Kijaluo chako kilikuwa hivyo." Nikanyamaza.

Sasa maoni, maana ndiyo yaliyoninyima usingizi.

Baba yake baba mkwe alikuwa mpishi kwa setla mmoja upande wa Njoro, miaka hiyohiyo. Kwa hiyo mzee hakuitazama filamu ya wakimbizi. Aliitazama filamu ya baba yake. Walter alipopona na kumpa Owuor joho lake jeusi la uwakili kama zawadi ya shukrani, mimi nilikuwa nimeguswa kabisa. Mzee akasema, "Joho? Na mshahara?" Owuor alipotumwa maji akakasirika kwa sababu kuteka maji ni kazi ya wanawake, mzee alicheka mpaka akakohoa, akasema hilo ni kweli tupu, baba yake angekataa vilevile. Kisha akasogea karibu na kioo na kuuliza habari ya kipande.

Vijana hawakijui. Ilikuwa karatasi ya utambulisho yenye alama za vidole na maandishi ya mwajiri, ikiwekwa ndani ya kikopo cha chuma, kikopo kikaning'inizwa shingoni. Mwafrika mwanamume hakutembea bila hicho kuanzia miaka ya 1920 mpaka kilipofutwa 1947, ambao ni mwaka uleule akina Redlich waliporudi Ujerumani. Mzee alikiona cha baba yake ndani ya sanduku akiwa mtoto. Anasema kilikuwa kimeacha alama kwenye ngozi, hapa, chini ya koo. Alinionyesha kwa kidole mahali penyewe, kwake mwenyewe. Tangu hapo kila Owuor alipotokea, mzee alikuwa anaangalia shingo yake.

Nadhani hii ndiyo lawama nzito kuliko zote nilizowahi kusikia juu ya filamu hii. Wengi hulalamika kwamba Owuor ni mwema mno, mtumishi asiye na siku mbaya, yupo ili wazungu wajifunze utu. Ni kweli kiasi. Sidede Onyulo, Mkenya aliyemwigiza, anampa Owuor uzito ambao huenda hata mwandishi wa filamu hakuuandika: namna anavyomtazama Jettel bila kusema kitu ni tusi na msamaha kwa pamoja. Lakini kwa saa mbili na zaidi tunaingia mpaka ndani ya chandarua cha Walter na mkewe, na kwa Owuor hatuonyeshwi hata mlango. Kikopo kimoja cha chuma shingoni kingetuambia mengi bila neno.

Upande wa mama mkwe ndio ulionishangaza.

Jettel anachukiza, tukubaliane. Mumewe alimwandikia alete vitu vya maana, friji ikiwa mojawapo. Yeye akanunua gauni la jioni. Akafungasha na sahani za kaure. Anafika kwenye nyumba ya mabati, jua kali, kuku wanapita, anafungua sanduku na kutoa sahani. Mume wangu akasema, "Huyu mwanamke hana akili." Mimi nilikubali, na nadhani watazamaji wengi duniani walikubali, maana filamu yenyewe inataka tumcheke kidogo pale.

Mama mkwe hakucheka. Alinyoosha mkono kuelekea kabati lake la vyombo, lile la vioo, lenye sahani za maua ambazo sijawahi kuona mtu akilia chakula tangu niolewe. Akasema, "Unajua Januari 2008 nilitoka na nini hapa?"

Sote tunajua kwamba walitoka. Ule mwezi wa vurugu za baada ya uchaguzi walipanda lori usiku kuelekea Kisumu, wakakaa huko karibu mwaka mzima kabla ya kurudi. Lakini alichobeba hatukuwahi kumuuliza. Alibeba vitambaa vya kochi. Vile vyeupe vya kufumwa, kumi na viwili, alivifua na kuvikunja kwanza huku majirani wakipiga kelele aharakishe. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto aliviacha kwenye droo. Blanketi aliacha. Sufuria aliacha.

"Mtu akikwambia hama kwako," akasema, "mkono unashika kile kinachokwambia kwamba wewe ni mwenye nyumba."

Mume wangu alikuwa na miaka kumi na tisa wakati huo, alikuwa ndani ya lori hilo, na hakuwa anajua kilichokuwemo kwenye ule mfuko aliokalia. Alibaki anautazama mkono wa mama yake.

Baada ya hapo nilimtazama Jettel kwa jicho jingine, na nafikiri sebule nzima pia. Novemba 1938, Walter anasikia redioni kwamba masinagogi yanachomwa kote Ujerumani, na ndugu wengine bado wako kule. Jettel anaanza kuelewa kwamba hakuna tena mahali pa kulivalia gauni lile. Baadaye inakuja barua fupi kwamba wanapelekwa Poland. Nilipotafsiri neno hilo nikalazimika kusimamisha picha, kwa sababu Awuor aliuliza, "Poland ni mbali?" Baba yake ndiye aliyemjibu, na alimjibu polepole.

Hapa niseme jambo moja ambalo filamu hailielezi lakini linasaidia. Watu huuliza kwa nini hawakuondoka wote mapema. Julai 1938 wajumbe wa nchi 32 walikutana Evian, Ufaransa, kujadili wakimbizi hawa, na karibu zote zilitoa pole na kuacha mlango ulivyokuwa. Kenya ya Mwingereza nayo haikuwa imefungua mikono. Ilipokea wachache, wenye wadhamini au kazi. Kinachochekesha, kama kicheko kipo, ni kwamba mwaka 1903 serikali hiyohiyo ya Uingereza iliwahi kuwapendekezea Wayahudi ardhi ya Uasin Gishu, kule Eldoret, mpango ulioitwa wa Uganda ingawa leo ardhi hiyo iko Kenya. Kongamano la Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka kuwa na nchi yao, likaukataa mwaka 1905. Wenyeji wa Uasin Gishu hawakuulizwa upande wowote.

Vita vilipoanza Septemba 1939, Waingereza waliwakamata akina Redlich. Baba mkwe alidhani nimetafsiri vibaya.

"Wamemkimbia Hitler?"

"Ndiyo, baba."

"Na Mwingereza anapigana na Hitler?"

"Ndiyo."

"Sasa anawafunga kwa nini?"

"Kwa sababu ni Wajerumani."

Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba serikali ikishika karatasi haimwoni mtu. Wanaume walipelekwa kambini, wanawake na watoto wakawekwa hoteli ya Norfolk, Nairobi, wakila kwenye vitambaa vyeupe chini ya ulinzi. Mama mkwe alisema kifungo cha namna hiyo hata yeye angeomba aongezewe siku.

Yapo maeneo tuliyopita haraka. Jettel na askari mmoja wa jeshi la Uingereza, aliyewatafutia kazi ya shamba Ol Joro Orok: mama mkwe aliwatuma watoto wote jikoni kuangalia kama maziwa yamechemka, na maziwa hayakuwepo jikoni. Mume wangu akamhukumu Jettel papo hapo. Mama yake akamuuliza kama yeye angeweza kuwalisha hao watu kwa mapenzi. Nikaongeza sauti ya televisheni. Nzige nao walipofika, watu wakipiga mabati shambani, watoto walikumbuka zile picha za 2020 kwenye simu na wakaanza kupiga sufuria kweli.

Kuhusu Regina hapakuwa na ubishi, kila mtu alimpenda. Mtoto anayeongea lugha ya mahali alipo ana nchi tayari. Wazazi wake ndio waliokuwa wakimbizi.

Kisha mwisho. Walter anapata kazi ya ujaji Frankfurt na wanaamua kurudi, jambo ambalo mume wangu hakulielewa kabisa: unarudije kwa watu waliowaua wazazi wako? Tulibishana mpaka tukasahau kutazama. Treni inasimama, mama mmoja anauza ndizi dirishani, Jettel anamwambia kwa Kiswahili kwamba hana pesa, ni maskini. Yule mama anampa ndizi hivyohivyo. Mama mkwe alipenda hapo kuliko pengine pote. Kile Kiswahili cha kuamrisha kilikuwa kimekwisha, na mimi wa Mombasa ndiye niliyepaswa kukigundua, lakini aliwahi yeye.

Nikafikiri tumemaliza. Nikainuka kuzima.

"Ngoja," baba mkwe akasema. "Rudisha pale Owuor anapoondoka."

Maana Owuor haendi na familia stesheni. Anamuaga Regina, anachukua njia yake kwa miguu, anaondoka. Nikarudisha. Mzee akasogea mpaka pua ikakaribia kioo, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza. Akatazama mlima ulivyokaa, jua lilikoelekea, barabara ya vumbi ilivyokunja. Akaniomba nirudishe tena. Nikarudisha mara ya tatu.

"Hiyo si njia ya Kisumu," akasema, akaenda kulala.