Nchi yangu ya kubuni nimeianzia kwenye dagaa

Kuna hadithi naandika, ndani yake nimejenga nchi nzima naiita Lubeba, kwenye ramani haipo ila iko kando ya ziwa refu lenye kina, na mtu wa Kigoma akisoma kidogo tu atajua nimetolea wapi.

Wengi wakibuni nchi wanaanza na bendera na taji, mi naona ngoma na nguo na sherehe vyote vinafata riziki. Huku kwetu dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai siku hizi sola, dagaa wanaufata mwanga wanajikusanya, sasa mbalamwezi ikiwaka taa inakosa nguvu, dagaa wanatawanyika, basi wavuvi wanapumzika nyumbani wanashona nyavu. Ndo maana Lubeba harusi zote na hata kumsimika mwami, yaani mfalme wao, ni mwezi mpevu, maana ndo siku wanaume wapo nchi kavu.

Na nguo je? Nimewapa za magome ya miti, kama walizovaa wazee wa ukanda huu kabla pamba haijaenea. Gome linabanduliwa, linapondwa kwa nyundo ya mti mpaka linatanuka na kulainika, na mti ukifungwa majani ya mgomba unaotesha gome jipya. Gome halipendi maji, kwa hiyo ziwani halivaliwi, limebaki nguo ya sherehe. Kila mtoto akizaliwa anapandiwa mti wake, siku ya harusi anavaa gome la mti huo huo. Hapa napapenda sana jamani.

Chakula sikuhangaika, ugali wa muhogo na samaki mgebuka kwa mawese, nani atabisha?

Muziki nimeutoa kwenye kinu. Chikichi zikishachemshwa zinatwangwa ndo mafuta yakamuliwe, na wamama watatu kwenye kinu kimoja wanapokezana bila michi kugongana, wakikolea utapenda. Kwa hiyo Lubeba ngoma ni tatu, zinapokezana hivyo hivyo, na zinapashwa moto kwanza maana umande wa ziwani unalegeza ngozi.

Watu wa milimani wanashuka na maziwa na inanga, ile ya nyuzi ambayo Burundi wanaipiga huku wakiimba kwa kunong'ona. Kwenye ngoma tatu haitasikika kabisa, basi nimeipa muda wa kula, wapigaji ngoma nao wakiwa wananawa.