Mtazamaji Ajue Kwanza: Hitchcock Alivyopanga Taharuki

Waandishi wengi wa filamu za kusisimua wana ugonjwa mmoja: kuficha. Muuaji hajulikani, nia yake haijulikani, kila kitu kinafumuliwa dakika tano za mwisho. Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu Mwingereza, alishika njia nyingine. Alimpa mtazamaji habari mapema, akamnyima mhusika, kisha akaiacha tofauti hiyo ifanye kazi.

Mfano wake wa bomu chini ya meza, aliompa mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut katika mahojiano ya 1962, umerudiwa mpaka umechuja. Watu wanaongea mezani, bomu linalipuka bila taarifa: mtazamaji ameshtuka kwa sekunde 15, basi. Mwonyeshe kwanza bomu likitegwa, mwonyeshe na saa ukutani, na maongezi yale yale yanazaa taharuki ya dakika 15. Wanaourudia mfano huu husahau kwamba saa ndiyo inayobeba mzigo. Bomu lisilo na muda linatisha kidogo tu, kwa sababu mtazamaji hana cha kuhesabu. Na maongezi yenyewe yanafaa yawe ya ovyo. Wakiongea jambo zito utawasikiliza. Wakiongea upuuzi utatamani kuwapigia kelele watoke.

Mahali pazuri pa kuona mtambo huu ukizunguka ni karamu katika Notorious (1946). Alicia, anayechezwa na Ingrid Bergman, ameolewa na Sebastian ili ampeleleze kwa niaba ya Wamarekani. Ameuchomoa ufunguo wa ghala la mvinyo kwenye funguo za mumewe. Kabla hata wageni hawajafika, Sebastian anamshika mikono yote miwili ili aibusu. Anaufungua mkono mmoja, anaubusu kiganja. Ufunguo uko kwenye ule mwingine. Alicia anamrukia shingoni, anamkumbatia, anauangusha ufunguo nyuma ya mgongo wake na kuusukuma pembeni kwa mguu. Sini hiyo, yaani kipande hicho cha filamu, ni fupi, lakini kazi yake kubwa ni kumfundisha mtazamaji thamani ya kile kichuma kidogo. Kwa hiyo karamu inapoanza na kamera ikashuka kutoka juu kabisa ya ukumbi, ikapita juu ya wageni waliovalia vizuri, ikaishia kwenye kiganja cha Alicia kilichoubana ufunguo, hakuna anayehitaji kuelezwa chochote. Shoti moja, yaani picha moja isiyokatwa, imesema: umati wote huu, na hatari ni hii hapa.

Saa iko wapi? Hitchcock hakutumia saa. Alitumia chupa za shampeni. Zikiisha kwenye barafu, mtumishi atamwendea Sebastian kuomba ufunguo wa ghala, na Sebastian atagundua haupo. Kila mgeni anayeongezewa glasi anakata muda. Kamera inarudi kwenye chupa, zimepungua. Inarudi tena, zimepungua zaidi. Huko ghalani, Devlin (Cary Grant), jasusi mwenzake Alicia, anapekua rafuni, na chupa moja inasogea taratibu kuelekea ukingoni. Sisi tunaiona, yeye haioni. Inaanguka, inapasuka, na ndani yake hamna mvinyo bali mchanga mweusi wa madini. Kitu hicho kingeweza kuwa almasi na mvutano usipungue hata chembe, jambo ambalo Hitchcock mwenyewe alilisisitiza mara nyingi.

Ukiandika sini ya namna hii, chora safu tatu kwenye karatasi: anachojua mtazamaji, anachojua mhusika, anachojua adui. Safu zikilingana, umebaki na maongezi. Safu ya mtazamaji ikiwa fupi kuliko zote, una fumbo, nalo lina raha yake, ila halimkazi mtu kitini. Kinachotakiwa ni mtazamaji awe mbele ya mhusika kwa jambo moja mahususi, na ajue ni nini hasa kitaligundulisha.

Jambo lisilotajwa sana ni ramani. Mtazamaji asiyejua mlango uko wapi hawezi kuogopa kwamba mtu anaukaribia. Rear Window (1954) inatumia muda mwingi mwanzoni kututembeza uani, dirisha baada ya dirisha, ilhali mhusika mkuu, Jefferies, amekaa dirishani na mguu kwenye plasta. Baadaye mpenzi wake Lisa anapoingia nyumbani kwa jirani anayeshukiwa mauaji, tunamwona yeye dirishani na tunamwona mwenye nyumba akirudi kupitia ukumbi wa nje. Hatuulizi nani yuko upande gani. Kosa la kawaida la waongozaji wachanga ni kukata picha haraka haraka kati ya mkimbiaji na mkimbizaji bila kuweka umbali kati yao. Matokeo ni ghasia, na ghasia haina mvutano.

Kwani kukata kwa kasi ni lazima? Katika Rope (1948) maiti imo ndani ya sanduku, na chakula cha karamu kimepangwa juu yake. Kamera inatulia. Mtumishi anaondoa sahani, anapeleka chumba cha pili, anarudi, anachukua mishumaa, anarudi, anatoa kitambaa, kisha analeta vitabu vinavyopaswa kurudishwa humo sandukuni. Wageni tunawasikia tu, wako nje ya picha, wanashangaa kwa nini kijana mmoja aliyealikwa, ambaye ndiye maiti, hajafika. Kila safari ya mtumishi inalifanya sanduku lizidi kuwa wazi. Kwa maoni yangu hii ndiyo sini yake safi kuliko zote, na haina muziki wala mkato.

Muziki ni mtego. Ukipigwa mapema unamwambia mtazamaji aogope wakati bado hajapata sababu. Ile sini ya ndege ndogo inayomshambulia Cary Grant shambani katika North by Northwest (1959) inakwenda bila muziki mpaka mlipuko utokee. Tunasikia magari yakipita na injini ya ndege tu. Kinyume chake ni The Man Who Knew Too Much ya 1956, ambapo muziki wenyewe ndio saa. Wabaya wanampigia muuaji santuri ili ajue ni mlio gani wa matoazi utakaouzima mlio wa bastola yake. Tunausikia pamoja naye. Tukifika Royal Albert Hall, kwaya na okestra zinasonga mbele kama dakika 12 bila neno la maana kusemwa, na kila mtu ukumbini anastarehe isipokuwa mama mmoja, muuaji, na sisi.

Kufichua siri mapema kunahitaji ujasiri. Riwaya ya Kifaransa iliyozaa Vertigo (1958) inaitunza siri ya mwanamke mpaka mwisho. Filamu inaitoa kukiwa kumebaki sehemu kubwa ya hadithi, kupitia barua ambayo mwanamke huyo, Judy, anaiandika kisha anaichana. Swali linageuka: si “huyu ni nani?” tena, ni “mwanamume anayempenda atafanya nini akijua?” Swali la pili linadumu hata ukiitazama filamu kwa mara ya tatu.

Sasa bomu lenyewe, lilipuke au lisilipuke? Katika Sabotage (1936) mvulana anabeba kifurushi chenye bomu lililopangwa kulipuka saa 7:45 mchana, bila yeye kujua. Anacheleweshwa na mchuuzi wa mtaani, na maandamano, na taa za barabarani. Anapanda basi. Bomu linalipuka naye anakufa. Hitchcock alikuja kumwambia Truffaut kwamba alikosea: ukimfanya mtazamaji ampende mtoto na kumhofia kwa muda wote huo, halafu ukamuua, atakuchukia. Kama kanuni ya jumla, sawa; mvutano uliopandishwa sana unadai pa kushushia pumzi. Lakini kwa filamu ile sikubaliani naye. Bila kifo hicho, sini ya mezani inayofuata, dada wa mvulana akiwa na kisu cha kukatia nyama mkononi na mumewe, aliyempa mvulana kifurushi kile, akiwa upande wa pili, isingekuwa na uzito wowote. Ukiamua kulipua, basi andika kwanza sini itakayolipia mlipuko huo, halafu ndipo urudi nyuma kupanga dakika za kuchelewa.