Asubuhi ya kwanza kuelekea Rau

Mwaka wa pili tangu mdogo wangu aanze kutumia dawa ya olanzapini kwa ajili ya skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, sauti zilizokuwa zikimtesa zilikuwa zimenyamaza, lakini suruali zake zote zilikuwa zinambana, na sisi nyumbani, pale Majengo mjini Moshi, tulikuwa tumeanza kumwita mlafi. Nami nilimwita hivyo, na ninajuta mpaka leo.

Kliniki aliyohudhuria ilimwandikia dawa kwa miezi mingi bila kumpima uzito hata mara moja, hadi siku tuliyopokelewa na muuguzi mgeni. Alimpandisha kwenye mizani, akampima kiuno na sukari ya damu, kisha akatueleza kwamba dawa ile huongeza njaa, na kwamba wenye maradhi makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine, wengi wao kwa moyo, kisukari na magonjwa mengine yanayozuilika. Alitusihi tusikatize dawa. Alichotaka ni mlo wenye mboga na sukari kidogo, na kutembea walau dakika 150 kwa wiki.

Mama alilia njiani. Wakati wa ugonjwa mwanawe alikuwa akikataa chakula akidhani kimetiwa sumu, kwa hiyo kila andazi alilokula sasa, na kila soda, kwake vilikuwa ushahidi kwamba amepona. Nani angempokonya mama furaha hiyo?

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilimgongea mdogo wangu mlango. "Dada, nenda tu, mwili mzito," alijibu. Sikumlazimisha, niliketi kizingitini nikafunga kamba za viatu polepole, nikafungua, nikafunga tena, mpaka akatoka. Tulishika njia ya kuelekea msitu wa Rau, tukipumzika kila baada ya nguzo mbili za umeme, naye akihema huku ukosi wa shati umelowa jasho. Kwenye nguzo ya nane aliomba tugeuke, tukageuka.

Tuliporudi, mama alikuwa ametenga mtori na mchicha, na kwenye chai yake akatia kijiko kimoja cha sukari badala ya vitatu. Mdogo wangu alionja, akamtazama, akainywa yote.

Jioni nilimkuta uani akisugua viatu vyake kwa mswaki mkuukuu, akianza na soli.